Waliouza Majina: Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita tulimwacha Asnath Nehemia amesimama nyuma ya meza yake ya ofisini pale Gungu, Kigoma, karatasi mkononi. Turudi pale pale, maana maskini hata kukaa hajapata nafasi.

Karatasi ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kipara na macho yaliyoingia ndani. Chini ya picha, namba ya kadi yake ya mgao. Chini ya namba, mahali alipozaliwa kule Burundi, jina la mke, idadi ya watoto, na namba ya nyumba yake kwenye kambi ya wakimbizi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, jina la mtu aliyeichapa.

ASNATH.N

Mwenye picha alikuwa mbele yake, ana kwa ana, vumbi la barabara ya Kasulu limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nimeikuta imesukumwa chini ya mlango jana jioni," alisema Anatoli. "Leo nimeomba kibali cha kutoka kambini, nikasema naenda hospitali. Nimekuja kukuuliza neno moja tu, madamu. Umeniuza kwa nani?"

"Sijakuuza."

"Jina lako hili hapa."

"Naliona. Lakini si mimi."

Anatoli alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

Mtu huyu kule kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto kumi na mmoja wa darasa lake waliuawa kwa siku moja, naye akaandika majina yao kwenye daftari. Kisha akaandika na majina ya waliowaua. Daftari likafika kwa watu wa haki za binadamu, na wiki ile ile mwalimu akavuka mpaka na mkewe Leonia na watoto wawili. Kambini aliwaambia majirani kwamba yeye ni fundi cherehani. Mwaka mzima alishona suruali za watu, na hakuna aliyemjua.

Ila orodha ilimjua.

"Siku ya kujiandikisha nilitaka kutoa jina la uongo," alisema. "Unakumbuka? Ulikuwa umekaa pale mezani. Ukaniambia, mzee, toa jina lako la kweli, hapa kwetu ni siri, hakuna mtu atakayeliona. Nikakuamini. Ulikuwa unatabasamu."

Asnath hakumkumbuka. Alikuwa amewatabasamia maelfu. Na hilo lilimuuma zaidi.

Nyota ya Ziwa, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, ilikuwa na mkataba wa kugawa sabuni, ndoo na mablanketi kambini. Ndani ya kompyuta zake kulikuwa na kaya elfu thelathini na moja: majina, picha, walikotoka, wanakolala. Asnath, binti wa mtaa wa Buzebazeba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kompyuta hizo. Aliwahi kuandika barua tatu kwa meneja akiomba leseni mpya ya programu ya ulinzi, ile ya zamani ikiwa imekwisha muda. Barua ya tatu ilirudi na sentensi moja ya kalamu nyekundu: "Kigoma hii nani atatuibia sabuni kwa kompyuta?"

Alivuta kiti, akafungua kumbukumbu za mfumo. 

"Jumanne," alisoma. "Saa nne na dakika arobaini asubuhi." Aliinua kichwa kwa nguvu. "Jumanne sikuwa hapa! Nilikuwa Ilagala. Tulikuwa tunamzika mama mdogo. Uliza mtu yeyote!"

"Kompyuta haimfuati mtu msibani, madamu. Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa na ufunguo wako. Ulimpa nani?"

Asnath alifungua mdomo kujibu kwamba hakumpa mtu. Akaufunga.

Kwa sababu alikuwa amempa.

Jumatatu. Foleni ya kivuko cha Malagarasi, jua la utosi, jeneza likiwa kwenye pikapu ya mbele. Simu ikaita. Mzee Gervasi, mtunza stoo wa Ujiji, alikuwa na malori manne getini na mfumo umemgomea. Mwanangu, mvua inakuja, blanketi zitalowa, nifanyeje? Na Asnath, ambaye kila mwezi huwafokea wenzake kwamba neno la siri halisemwi hata kwa mumeo, alilitaja lake kwa sauti, herufi moja moja, huku wanawake wa msibani wakimwita apande kivukoni.

Alitaka kulibadilisha akirudi. Alirudi na msiba, akasahau.

"Mpigie mkeo," alisema sasa. "Mwambie Leonia atoke hapo nyumbani na watoto, aende kwa polisi wa kambini. Sasa hivi."

Anatoli alipiga. Akapiga tena. Aliweka simu sikioni mara ya tatu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Haipatikani," alisema.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Aliyeingia alikuwa Rodgers, meneja, mtu wa kuja aliyeletwa Kigoma miaka mitatu nyuma na ambaye mpaka leo alihesabu siku za kuondoka. Shati jeupe, tai, manukato.

"Asnath, wageni wa mkataba wanafika saa sita. Nataka skrini kubwa iwe tayari." Akamwona Anatoli. "Huyu nani?"

Asnath alimwambia yote, haraka haraka. Rodgers aliichukua karatasi, akaisoma mara moja, akaikunja mara nne. Akaitia mfukoni.

"Hiyo ni yangu," alisema Anatoli.

"Ina nembo ya kampuni, rafiki yangu. Ni mali ya kampuni." Akamgeukia Asnath. "Njoo huku."

Kwenye korido alisimama karibu sana, akashusha sauti.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Kumbukumbu za Jumanne. Zifute zote."

"Bosi, orodha imetoka! Tunapaswa kuwaambia kambini, tuwaambie polisi, tuwaambie na hao wageni wenyewe."

"Ukiwaambia wageni, kampuni imekufa leo saa saba. Watu arobaini na wawili wanarudi nyumbani. Mzee Gervasi wako yule, atakwenda wapi na umri ule?"

"Na waliomo kwenye orodha je?"

"Hao wana mashirika ya kuwatazama. Sisi tunagawa sabuni."

"Nilikuandikia barua tatu, bosi."

Rodgers alitabasamu. Msomaji, kuna tabasamu ambalo ni afadhali mtu akupige kofi.

"Barua zipi? Mimi sikumbuki barua. Ninachokumbuka ni kwamba karatasi iliyoko mfukoni mwangu ina jina la mtu, na huyo mtu si mimi. Futa, Asnath. Nakusaidia wewe."

Akaondoka, viatu vikilia sakafuni.

Asnath alirudi ofisini. Hakufuta kitu. Alichukua mkoba wake, akamwambia Anatoli, "Kaa kwenye benchi la mapokezi. Usiondoke hapa mpaka nirudi. Endelea kumpigia Leonia."

Kumpa mtu neno la siri kulikuwa kosa lake la kwanza. Kumwacha Anatoli kwenye benchi lile likawa la pili.

*

Bodaboda ilimpitisha mitaa ya Mwanga na Buzebazeba kwa mwendo ambao siku nyingine angeupigia kelele. Leo alimhimiza dereva aongeze.

Stoo ya Ujiji ilikuwa na bati jipya na harufu ya sabuni ya mche iliyokuwa imeshinda hata ya dagaa waliokuwa wameanikwa ng'ambo ya barabara. Mzee Gervasi alikuwa akipanga ndoo. Miaka minane iliyopita ndiye aliyeibeba barua ya Asnath ya kuomba kazi mpaka mezani kwa meneja wa wakati ule, akasema, huyu binti mchukueni, mtanishukuru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena na msiba. Mbona unahema?"

"Mzee, lile neno nililokupa Jumatatu. Ulimpa mtu?"

"Mimi? Hapana! Nilitunza vizuri kabisa." Akaongea kwa fahari, akinyoosha kidole ukutani. "Nililiandika pale ili nisikusumbue tena."

Kwenye kalenda ya ukutani, kando ya tarehe ya Jumatatu, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mzuri wa shule za misheni, lilikuwa neno la siri la Asnath. Mtu yeyote aliyeingia kunywa maji angelisoma.

Asnath aliegemea marobota ya blanketi.

"Jumanne alikuja nani hapa?"

"Jumanne?" Mzee aliwaza. "Alikuja fundi wenu tu. Yule Feliksi."

"Hatuna fundi anayeitwa Feliksi."

"Alikuja na barua, mwanangu! Mimi siruhusu mtu bila barua." Alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha. Barua ilikuwa na nembo ya Nyota ya Ziwa na muhuri. Ilisema mleta barua aruhusiwe kukagua kompyuta ya stoo. Chini kulikuwa na sahihi ambayo Asnath aliiona kila mwisho wa mwezi.

Ilikuwa sahihi ya Rodgers.

"Alikaa kwenye kiti changu kama dakika ishirini," Mzee aliendelea, sauti ikianza kupungua. "Kijana mstaarabu. Alinipa shikamoo. Alinirekebishia hata saa ya kompyuta, ilikuwa inachelewa. Alisema wewe umenisifia kazini..."

"Akachapa karatasi?"

"Moja. Alisema anajaribu mashine." Mzee alikaa polepole juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Halafu akapiga simu. Aliongea Kirundi, nami nakielewa. Nikamsikia akisema, mlango umefunguka. Nami nikadhani anasema mlango wa stoo, maana kweli ulikuwa wazi. Nikaenda kuufunga."



"Mwanangu, nimefanya nini?"

Asnath angeweza kumwambia ukweli. Angeweza kumwambia, umewafungulia wauaji. Lakini maneno hayo yangepitia kwake kwanza kabla ya kumfikia Mzee.

"Tumefanya wote wawili," alisema.

Ndipo kompyuta ya mezani ikatoa mlio.

Skrini iliwaka yenyewe. Mshale mdogo mweupe ukasogea kutoka pembeni hadi katikati. Ukasimama. Ukabonyeza.

"Mzee, umegusa mausi?"

"Mikono yangu hii hapa!"

Picha ikafunguka. Mwanamke na mtoto mgongoni. Mshale ukabonyeza, picha ikatoweka, ikaja nyingine. Kijana mwenye kovu shavuni. Bonyeza. Bibi mwenye kitambaa cheupe. Bonyeza. Kuna mtu, hajulikani yuko wapi, alikuwa akiwachagua watu mchana kweupe kama mama anayechagua nyanya sokoni.

Asnath alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliangalia safu ya walikozaliwa. Wote walitoka mahali pamoja. Kule kule alikotoka Anatoli. Kule kwenye lile darasa.

Aliushika waya wa mtandao akaung'oa ukutani na plasta yake.

Mshale ukaganda juu ya uso wa bibi.

"Basi? Umekwisha?" aliuliza Mzee kwa matumaini ya mtoto.

 Asnath alitoa simu yake, akafungua ukurasa wa mfumo unaoonyesha waliomo ndani kwa wakati huo. Majina yalikuwa matatu. Rodgers, kutoka Gungu. Edina wa mapokezi, kutoka Gungu. Na la tatu: ASNATH.N, ndani ya seva kuu.

Yeye alikuwa Ujiji, na waya uliokatika mkononi.

Mvamizi yule hakuwa ameacha mlango mmoja tu. Asnath alijaribu kumtoa. Mfumo ukamwomba neno la siri kwanza. Aliandika. *Si sahihi.* Aliandika tena, taratibu. *Si sahihi.* Walikuwa wamelibadilisha. Walikuwa wamemfungia nje ya jina lake mwenyewe.

Alimpigia Rodgers.

"Bosi, wamo ndani sasa hivi! Wanachukua picha moja moja. Nenda chumba cha seva, zima. Ni swichi moja tu, ile nyekundu."

Nyuma ya sauti ya Rodgers zilisikika sahani na vicheko vya ustaarabu.

"Wageni wamefika mapema," alisema kwa upole, kama anayeongea na mteja. "Tunaangalia skrini sasa hivi. Kila kitu kinakwenda vizuri. Asante kwa kupiga."

Akakata.

*

Alipoingia uwanjani Gungu malori matano yalikuwa kwenye mstari, yakisubiri hati za kutokea. Ndani, wageni watatu walikuwa wamekaa mbele ya skrini kubwa: mama mmoja mwenye miwani na wanaume wawili. Rodgers alikuwa wima mbele yao na kijiti cha kuelekezea.

"Na kuhusu usalama wa taarifa," alikuwa akisema, "sisi tumewekeza sana. Orodha hii ni kama iko benki."

Benchi la mapokezi lilikuwa tupu. Anatoli hakuwepo.

"Edina, yule mgeni wangu yuko wapi?"

"Bosi amemwita ofisini kwake," alisema Edina, akikwepa macho yake. "Wamefunga mlango muda mrefu. Sasa hivi yupo peke yake humo. Anaongea na simu."

Asnath hakuwa na muda wa kulifikiria hilo. Alipita mpaka mbele ya wageni.

"Bosi, naomba ufunguo wa chumba cha seva."

"Baadaye, Asnath."

"Sasa."

"Huyu ni fundi wetu," Rodgers aliwaambia wageni akicheka. "Ametoka kwenye msiba juzi. Tumvumilie."

Mama mwenye miwani alimtazama Asnath kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyommaliza.

Alitembea hadi mwisho wa korido, akautoa ukutani mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akaupiga kwenye kioo cha mlango wa chumba cha seva. Mara ya kwanza kiligoma. Mara ya pili kikamwagika chote. Akapitisha mkono, akafungua kwa ndani. Damu ikamshuka kwenye kiwiko.

Aling'oa nyaya mbili. Wa mtandao. Wa umeme. Betri ya akiba ikapiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa titi, naye akaibonyeza nayo mpaka ikanyamaza.

Skrini kubwa ikawa nyeusi. Kule nje madereva wakaanza kupiga honi.

Aliwasha kompyuta yake ndogo iliyokuwa na nakala ya kumbukumbu za siku, akasoma mstari wa mwisho. Walikuwa wamechukua kaya mia mbili na kumi na mbili. Zilizobaki, elfu thelathini na zaidi, zilikuwa zimesalia ndani. Alijua angepaswa kushukuru. Lakini aliiona nyumba moja moja katika zile mia mbili na kumi na mbili, mlango wa turubai, na karatasi inasukumwa chini yake.

"Kuna nini hapa?" Mama mwenye miwani alikuwa amesimama kwenye vipande vya kioo.

"Orodha inaibwa tangu Jumanne," alisema Asnath. "Meneja anajua tangu asubuhi. Kuna watu wanatafutwa wauawe, mama, na sisi ndio tuliowaonyesha njia."

Mama alimgeukia Rodgers. Kwa sekunde moja, msomaji, sekunde moja nzima, Asnath aliona hofu kwenye uso wa bosi wake, akadhani ameshinda.

Rodgers alishusha pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nilitaka tulimalize kimya kimya," aliwaambia wageni. "Ni kweli. Orodha imeibwa. Na mwizi tunamjua. Ndiyo maana nimeshawaita polisi." Akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua kwa uangalifu mkubwa. "Someni jina hapo chini."

Askari wawili walikuwa tayari mlangoni.

Asnath alitoa kwenye mkoba bahasha aliyoichukua Ujiji. "Na hii je? Fundi wa uongo aliingia na barua hii. Sahihi ni yako!"

Rodgers aliipokea, akaitazama.

"Inafanana na yangu, kweli," alisema. "Imeghushiwa vizuri. Afande, barua yenye nembo ya kampuni anaweza kuitengeneza nani? Mwenye kompyuta zote. Imetoka kwenye mkoba wa nani? Wake. Na kwa nini amevunja seva leo, mbele ya wageni? Ushahidi ulikuwa humo."

Kila alichokishika Asnath kiligeuka kamba ya kumfungia yeye.

"Mzee Gervasi atasema," alisema. "Alimwona huyo Feliksi."

"Huyo mzee ndiye aliyebandika neno lako la siri ukutani, sivyo?" aliuliza Rodgers.

 Asnath hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya kalenda. Mtu yeyote.

Alimtazama Rodgers. Rodgers alijishughulisha na tai yake.

"Afande," Asnath alisema, sauti ikipanda, "muulizeni amejuaje..."

"Utasema kituoni," alijibu askari mkubwa, koplo mwenye lafudhi nzito ya watu wa mashariki mwa nchi, mgeni wa mji kama meneja. "Mna shahidi mwingine?"

"Yupo," Asnath alidakia kabla ya Rodgers. "Anatoli! Mwenye ile karatasi. Yeye alinikuta asubuhi, aliona jinsi nilivyoshtuka. Muulizeni yeye!"

"Wazo zuri," alisema Rodgers taratibu. "Muulizeni yeye."

Mlango wa ofisi ya meneja ukafunguliwa.

Anatoli alitoka akitembea kama mtu anayevuka mto kwa miguu, akipima kila hatua. Vumbi la safari lilikuwa limechora mistari miwili usoni mwake, kutoka machoni hadi kidevuni. Alikuwa amelia.

"Bwana," alisema koplo, "unamfahamu mama huyu?"

"Namfahamu."

"Ndiye aliyetoa taarifa zako nje?"

Anatoli alimtazama Asnath. Asnath alimtikisia kichwa, sema, sema ukweli tu. Malori yalipiga honi uwanjani. Mama mwenye miwani alikuwa amekunja mikono kifuani, anasubiri.

"Ndiye," alisema Anatoli.

"Una hakika?"

"Ndiye. Alikiri kwangu asubuhi. Aliniomba nisiseme."

 Askari mdogo alimshika Asnath mkono ule wenye damu, akafunga pingu, kisha wa pili. Hakuwa na nguvu ya kupinga. Tangu asubuhi alikuwa amepigania roho ya mtu huyu, na mtu huyu amemzika akiwa hai kwa maneno machache.

"Anatoli," alisema. "Kwa nini?"

Walipompitisha karibu naye mlangoni, Anatoli alikandamiza kiganja kwenye mfuko wa shati lake, kwa nguvu, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Akainama kidogo. Midomo yake ilitikisika, na neno moja la Kirundi likatoka na pumzi.

"Baramutwaye."

Koplo hakulielewa. Rodgers hakulielewa. Lakini Kiha cha pale Kigoma na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na binti wa Buzebazeba hakuhitaji mkalimani.

Wamemchukua. Leonia.

Kisha Anatoli akaondoa kiganja. Kupitia kitambaa chembamba cha shati, Asnath aliona mwanga. Simu ilikuwa hewani, ikihesabu dakika. Mtu alikuwa upande wa pili muda wote huo, akisikiliza kama mwalimu amesema alivyoagizwa.

Na kabla mlango wa gari la polisi haujafungwa, sauti ya mwanamke ikalia kutoka mfukoni mwake, ikataja jina la Anatoli, ikakatika.